Koti la Nyuki, Uso wa Nzi

Nyumbani kwa dada yangu, mjini Ashford, kusini-mashariki mwa Uingereza, kuna nyumba ya ndege ya mbao iliyotundikwa ukutani karibu na dirisha la jikoni. Mwaka ule ndege hawakuikalia. Nilipofika mwezi wa Juni, mlangoni pake palikuwa na kundi la wadudu wanene wakizunguka na kuvuma tangu asubuhi hadi jua lilipopungua makali, na jirani alikwisha kushauri waitwe watu wa dawa. Shemeji yangu, aliyekaa nchi ile miaka mingi na asiyependa kuharakishwa na mtu, alikataa katakata.

"Shemeji, hebu sogea uwatazame," aliniambia. "Kifua rangi ya hudhurungi, tumbo jeusi, mkia mweupe. Hao ni hypnorum. Na wote hao wanaozungukazunguka ni madume, wanamngoja malkia mchanga atoke. Dume hana mwiba."

"Na walio ndani?"

"Walio ndani wanao. Hao tusiwaguse."

Nyuki hao wenye manyoya mengi ni wa jenasi ya Bombus, na hapa nitawaita nyuki manyoya. Duniani wako zaidi ya spishi 250, wengi wao wakaazi wa nchi za baridi na milima mirefu. Uingereza wanahesabiwa 24. Bombus hypnorum ni mgeni kati yao. Alionekana kwa mara ya kwanza kusini mwa Uingereza mwaka 2001, na tangu hapo amesambaa hadi Scotland na Ireland. Wenzake wengi hutaga ardhini, kwenye mashimo yaliyohamwa na panya au chini ya majani makavu, lakini yeye hupenda mapango ya miti. Nyumba ya ndege kwake ni pango la mti lililojengwa tayari.

Mtu aliyekulia Tanga, kama mimi, akimwona nyuki manyoya kwa mara ya kwanza humfikiria yule nyuki mkubwa mweusi wa kwetu anayetoboa boriti za paa na kumwaga unga wa mbao sakafuni. Ni haki yake kufikiri hivyo. Bombus wa asili hayuko kusini mwa Sahara. Anaishia Afrika ya Kaskazini, nchi kama Morocco na Algeria. Anayeshika nafasi hiyo kwetu ni nyuki seremala, jenasi ya Xylocopa, na wanalingana kwa umbo na kwa mvumo. Kuwatofautisha si kazi: tumbo la seremala juu yake halina manyoya mengi, linang'aa, ilhali la Bombus limefunikwa na manyoya mwanzo hadi mwisho. Wote wawili ni nyuki kweli. Kazi ngumu, ndiyo iliyonitoa Ashford kwenda pwani ya Dungeness, ni kumtambua nyuki manyoya asiye nyuki kabisa.

Mimi na shemeji tulikwenda kwa gari hadi New Romney, tukapita tambarare za malisho zenye kondoo na mifereji ya maji, kisha tukapanda treni. Treni yenyewe ni ya kustaajabisha: reli zake zimeachana kwa sentimita 38 tu, behewa mtu anaingia kwa kuinama, na mbele kuna injini halisi ya mvuke inayotoa moshi na kupiga honi. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1927, na mwaka uliofuata ikarefushwa hadi Dungeness. Inapita nyuma ya nyua za watu, karibu sana hata unaona nguo zilizoanikwa, halafu ghafla nyumba zinakwisha na mbele yako panabaki kokoto.

Dungeness ni rasi ya kokoto tupu, miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake barani Ulaya. Upande mmoja pana kituo cha umeme wa nyuklia kilichokwisha kuzimwa, kikiwa kama milima miwili ya saruji. Upande mwingine vibanda vya wavuvi, minara ya taa, na nyumba nyeusi yenye fremu za madirisha za njano aliyoishi mwongozaji filamu Derek Jarman, pamoja na bustani yake ya mawe na vyuma vya kutu. Mtu angedhani hapaoti kitu. Kumbe zimehesabiwa spishi takriban 600 za mimea, na mwezi wa Juni kokoto hizo hufunikwa na Echium vulgare, mmea wenye shina la miiba laini na maua ya buluu yanayotoa nekta kwa wingi. Kila shina lilikuwa likitikisika. Palikuwa na nyuki wa asali, nyuki manyoya wa rangi tano au sita, na katikati yao, wakila pamoja nao bila wasiwasi, nzi.

Mwenyeji wetu pale alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa kujitolea, ambaye kila mwezi kuanzia Machi hadi Oktoba hutembea njia ileile akihesabu nyuki manyoya. Wako wengi kama yeye nchi nzima. Hesabu zao hukusanywa na shirika la Bumblebee Conservation Trust lililoanzishwa mwaka 2006. Vifaa vyake havikuwa vingi: wavu, kichupa cha plastiki, lenzi ndogo shingoni na daftari. Nilitegemea angeanza kunifundisha rangi, kwa kuwa vitabu vyote vya utambuzi huanza hapo. Yeye alisema rangi ije mwisho.

Sababu yake ilikuwa na mantiki. Rangi ni tangazo. Nyuki manyoya jike ana mwiba, na mistari yake ya njano na nyeusi inamwambia ndege: usinile, utajuta. Nzi hana mwiba. Basi kwa vizazi vingi sana nzi waliofanana kidogo na nyuki wakaponea midomoni mwa ndege kuliko wenzao, mpaka wakapatikana nzi waliovaa koti zima la nyuki, manyoya na yote. Henry Walter Bates ndiye aliyelieleza jambo hili kisayansi mwaka 1862, kwa kutumia vipepeo alioleta kutoka msitu wa Amazon. Wapenzi wa vipepeo wa Afrika Mashariki wanalijua kwa mfano wa Papilio dardanus: majike yake huiga vipepeo wengine wenye ladha mbaya, na aina moja ya jike inafanana na Amauris kuliko inavyofanana na dume wake mwenyewe. Kwa hiyo anayetafuta tofauti kwenye rangi anatafuta palepale ambapo kila kitu kimepangwa ili asiione.

Kama hili linahitaji ushahidi, upo. Mwaka 1960 watafiti wa Marekani, Jane na Lincoln Brower pamoja na mwenzao, walichapisha majaribio waliyofanya na vyura wa Florida. Vyura waliolishwa nyuki manyoya hai waliumwa, wakajifunza, na baadaye wakamkataa pia Mallophora bomboides, nzi mwindaji anayefanana na nyuki yule. Vyura ambao hawajawahi kuumwa walimmeza nzi huyo bila kusita. Nzi mwenyewe, kwa njia, huwinda na kuwala nyuki anaowaiga, jambo ambalo mimi naliona ni ufidhuli.

Mama yule alinasa mdudu juu ya Echium, akamwingiza kichupani na kunipa. Mnene, mweusi, mkia mwekundu. Akanasa wa pili, naye alikuwa vivyo hivyo. Mmoja alikuwa Bombus lapidarius, kibarua jike. Mwingine alikuwa Volucella bombylans, nzi wa jamii ya nzi-maua. Akaniambia nisitazame mikia. Nitazame uso.

Hapo ndipo koti linapovuka. Papasi za nyuki ni ndefu, zinapinda katikati na kuelekea mbele, naye huzichezesha kila mara akinusa na kugusa. Papasi za nzi ni vijipande viwili vifupi puani, vinavyohitaji lenzi ili vionekane vizuri, na kila kimoja kimechomekwa unywele pembeni. Kwa Volucella unywele huo una matawi madogo kama unyoya. Macho ya nyuki yako kando ya kichwa, marefu, yakiacha paji la uso pana lenye manyoya. Macho ya nzi ni makubwa kupita kiasi, yanakula karibu kichwa kizima, na kwa madume wengi yanakutana juu kabisa. Nyuki hutoa ulimi mrefu mwembamba unaokunjwa chini ya kidevu. Nzi-maua hubonyeza kitu cha kufyonzea chenye ncha pana, kama nzi yeyote wa jikoni.

Baada ya uso, mabawa. Nzi anayo mawili tu. Jozi ya nyuma imegeuka kuwa vijiti viwili vyenye vifundo, vinavyomsaidia kujua mwili umeinama upande gani anaporuka. Nyuki anayo manne. Ila hapa vitabu vinasahau kusema kwamba kigezo hiki, cha kwanza darasani, ndicho kibaya zaidi uwandani. Mabawa ya nyuki ya mbele na ya nyuma yamefungamanishwa kwa safu ya ndoano ndogo sana, kiasi kwamba akiwa hai yanaonekana kama jozi moja, na mdudu anayepiga mabawa zaidi ya mara mia kwa sekunde hangoji kuhesabiwa. Namna ya kuruka inasaidia zaidi. Nzi-maua huganda hewani, haendi mbele wala nyuma, kisha huruka upande ghafla na kuganda tena. Nyuki manyoya huyumba, hupanda na kushuka, hugonga ua na kulining'iniza.

Halafu miguu. Mguu wa nyuma wa nyuki manyoya jike ni bapa na mng'aavu kwa nje, umezungushiwa nywele ngumu: hicho ndicho kikapu cha chavua. Akiwa ametoka maua mengi utaona donge la njano, la chungwa au la kijivu limebandikwa pale. Hakuna nzi mwenye kikapu. Ukiliona donge, swali limekwisha. Usipoliona, bado, kwa sababu madume ya nyuki manyoya hayabebi chavua, na wako pia nyuki manyoya vimelea, spishi sita Uingereza, ambao hawana kikapu kabisa. Jike wa hao huingia kiotani mwa spishi nyingine, humuua au humtiisha malkia, na kuwaacha vibarua wamlelee watoto. Manyoya yao ni machache, gamba jeusi linaonekana katikati, na mabawa yamefifia rangi ya moshi. Bombus vestalis hufanya hivyo kwa Bombus terrestris, yule mwenye mistari ya njano iliyoiva, ambaye ndiye hupatikana zaidi bustanini.

Volucella bombylans anastahili kuelezwa zaidi kidogo, maana ana makoti zaidi ya moja. Aina moja ina mkia mwekundu, ikimwiga lapidarius. Nyingine ina njano kifuani na mkia mweupe, ikiwaiga terrestris, lucorum na hortorum. Wote ni spishi moja. Jike hutaga ndani ya viota vya nyuki manyoya na vya nyigu, na mabuu yake huishi huko chini wakila takataka na maiti. Waandishi wa zamani walidhani kwamba koti ndilo linalomsaidia kupita mlangoni. Hoja hiyo hainiingii akilini. Kiota kiko chini ya ardhi, gizani, na nyuki wanatambuana kwa harufu. Rangi humo ina faida gani? Koti ni la ndege walio nje, mchana kweupe.

Mwenzake, Merodon equestris, hana haja na kiota cha nyuki. Mabuu yake hula tunguu za narisisi kutoka ndani, na wakulima wa maua wanamchukia kwa hilo. Huyu naye ana rangi nyingi: kijivu, hudhurungi, nyeusi yenye mkia mwekundu. Ukishindwa uso wake, tazama paja la mguu wa nyuma. Limevimba isivyo kawaida. Mapema zaidi, kati ya Machi na Mei, bustani za huko humwona Bombylius major, mdudu wa hudhurungi wa mviringo mwenye mrija mrefu ulionyooka mbele, ambao haukunjwi hata akiruka. Watu huuogopa mrija ule wakidhani ni mwiba. Ni wa kunywea nekta. Uovu wake uko upande wa pili: jike huganda juu ya mashimo ya nyuki wanaoishi peke yao, na kurusha mayai yake humo kwa kupiga tumbo, na buu atakayetoka atakula watoto wa mwenye shimo.

Tulipofika kwenye nyuki wenyewe, rangi ikapata nafasi yake, na mama yule akawa mkali zaidi kuliko kwa nzi. Pascuorum alimwandika upesi: kifua cha chungwa, hakuna cheupe mkiani. Lapidarius upesi. Hortorum baada ya kumtazama ulimi, kwa kuwa ana mrefu kuliko wote wa kawaida, na hufika ndani ya maua ya dijitalis ambako wengine hawafiki. Lakini kila kibarua mwenye mistari miwili ya njano na mkia mweupe aliingia daftarini kwa alama moja tu, "terrestris/lucorum". Malkia wa terrestris ana mkia wa rangi ya maziwa yaliyochemka hadi yakabadilika. Vibarua wake wana mkia mweupe, na hapo kuwatenga na lucorum kwa macho hakuaminiki. Tena lucorum mwenyewe si mmoja. Ni spishi tatu, pamoja na cryptarum na magnus, na kwa vibarua ni kipimo cha vinasaba tu kinachowatofautisha. Shemeji alimwuliza kama haoni tabu kuandika jibu nusu. Akasema jibu nusu lililo kweli linafaa hesabuni. Jibu zima la kubahatisha linaharibu miaka yote ya nyuma.

Nilimweleza habari za nyuki wetu seremala. Alizijua. Nyanya na biringanya haziachii chavua kwa kupanguswa; nyuki lazima alishike ua na kutetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, chavua imwagike. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 makampuni ya Ulaya yamekuwa yakifuga terrestris ndani ya maboksi na kuwauzia wakulima wa nyanya wa nyumba za vioo. Kule Nguruman, kusini mwa Kenya, kazi hiyohiyo kwenye biringanya ilionekana ikifanywa bure na Xylocopa caffra, ambaye jike wake ni mweusi mwenye mikanda miwili ya rangi ya njano au nyeupe na dume wake ana manyoya ya manjano mwili mzima, hata mtu akadhani ni wadudu wawili tofauti. Mtaalamu Mkenya Dino Martins ameandika na kuhubiri kwa miaka mingi kwamba mkulima wa Afrika Mashariki awajue wachavushaji wake kwa sura. Kipimo cha uso kinafanya kazi huko vilevile: papasi ndefu za kupinda, nyuki; vijipande viwili puani, nzi.

Lakini Dungeness wana sababu yao ya pekee ya kushikilia utambuzi. Bombus subterraneus, mwenye manyoya mafupi, alikuwa akipatikana kusini mwa Uingereza kwa wingi. Tangu miaka ya 1930 nchi hiyo imepoteza takriban asilimia 97 ya mbuga zake za maua, zikalimwa au zikapandwa nyasi za malisho, naye akapungua mpaka akabaki hapa penye kokoto. Alionekana mara ya mwisho mwaka 1988, papa hapa. Mwaka 2000 akatangazwa kuwa ametoweka nchini.

Ila alikuwa na ndugu mbali. Mwaka 1885 wakulima wa New Zealand, ambao klova yao nyekundu haikuwa ikizaa mbegu kwa kukosa nyuki wa ndimi ndefu, waliletewa malkia kutoka Uingereza wakiwa wamelala usingizi wa baridi ndani ya meli zenye majokofu. Subterraneus alikuwemo, na huko akastawi. Zaidi ya karne moja baadaye ikaonekana busara kuwarudisha. Haikuwezekana: kizazi cha New Zealand kilikuwa kimetokana na malkia wachache mno, damu zao zilikaribiana, na waliolelewa hawakustahimili. Ndipo wakaendewa wa Sweden, na mwaka 2012 malkia kutoka kusini mwa nchi hiyo wakaachiliwa Dungeness, baada ya wakulima wa jirani kukubali kuacha kingo za mashamba yao ziote maua. Mwaka uliofuata vibarua wao walionekana.

Kumwona ndiko kwenye mtihani. Subterraneus ana mistari ya njano na mkia mweupe, sawa na hortorum, sawa na Volucella wa aina ile ya pili, na wote hukutana juu ya maua yaleyale. Nzi huondolewa kwa papasi. Hortorum huondolewa kwa uso, ambao urefu wake unaupita upana kwa dhahiri, ilhali wa subterraneus ni mfupi zaidi. Na kwa manyoya, ambayo kwa subterraneus yamekatika sawasawa hata tumbo linaonekana laini. Alama hizo hazionekani kwa mdudu anayeruka. Kwa hiyo yeyote anayefikiri amemwona hutakiwa amnase, amweke kichupani, ampige picha ya uso na ya mguu wa nyuma, kisha amwachie palepale alipomkuta, na picha ziende kwa wataalamu. Siku ile mama yule alifungua kichupa kwa ajili ya kila mkia mweupe wenye mstari wa tatu wa njano. Wote walikuwa hortorum, isipokuwa nzi wawili, ambao aliwaandika ukurasa wa nyuma wa daftari kwa ajili ya watu wa nzi-maua, kwa kuwa nao wana mpango wao wa hesabu tangu mwaka 1976 na hawapendi kusahauliwa.